UZI: Unanunua nyumba au unanunua mivinje ya jirani? Bei za nyumba na maeneo ya kijani hapa Malindi

#1 Mthamini_Pwani (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri, shikamooni.

Niko kwenye kazi ya kuthamini nyumba na viwanja Malindi na Kilifi kwa miaka mingi, na kuna jambo naona linawala watu pesa kimyakimya, hasa ndugu zetu wanaonunua wakiwa mbali. Tangazo linasema "upepo mwanana, kijani kila upande, hatua chache kutoka kwenye miti ya mivinje", na bei inapanda. Nyumba hiyo hiyo ya vyumba vitatu, mawe ya matumbawe, tangi juu ya paa, ukiisogeza barabara mbili nyuma inashuka laki kadhaa. Mnunuzi anailipa tofauti ile bila kuuliza: hayo majani ni ya nani?

Tofauti ya bei ipo kweli, si domo la madalali. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilipiga hesabu za mwaka 2016 ikakuta nyumba za mjini zilizo ndani ya mita 100 kutoka eneo la kijani la umma zinauzwa kwa wastani wa pauni 2,500 zaidi ya zile zilizo mbali kupita mita 500. Hiyo ni asilimia 1 na ushee. Marekani, John Crompton wa chuo kikuu cha Texas A&M alikusanya tafiti nyingi za nchini kwao, akaandika mwaka 2001 kwamba nyumba inayotazamana na bustani tulivu inaweza kufika asilimia 20 juu ya wenzake. Moja na ishirini zinatofautianaje hivyo? Ya kwanza ni wastani wa kila nyumba iliyo karibu na kila kijani, hata kijipande cha nyasi nyuma ya stendi. Ya pili ni nyumba iliyo mstari wa mbele kabisa, na bustani yenyewe nzuri na tulivu. Dalali akikutajia asilimia, muulize ni ya nyumba ipi na bustani ipi.

Wanaijuaje tofauti hii ni ya miti na si ya kitu kingine? Wanachukua mauzo mengi, wanaandika kila sifa ya kila nyumba: vyumba, umri, lami iko umbali gani, shule iko umbali gani, bustani iko umbali gani. Hesabu inatenga kila sifa imeingiza shilingi ngapi kwenye bei. Nadharia yake aliiweka sawa Sherwin Rosen mwaka 1974. Kwetu hesabu hiyo ni ngumu kuifanya, kwa sababu bei iliyoandikwa kwenye makubaliano na bei iliyopita mkononi si lazima zilingane. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na mnajua watu wanavyokimbia ushuru. Ndiyo maana kila anayekwambia "utafiti wa Malindi unaonyesha asilimia fulani" mimi humwomba anionyeshe mikataba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Regent's Park ya London ilipoanza kupangwa mwaka 1811, shabaha mojawapo ilikuwa kupandisha kodi za ardhi ya Mfalme. Birkenhead, karibu na Liverpool, walifungua bustani ya umma mwaka 1847 na kuuza viwanja vilivyoizunguka ili kurudisha gharama. New York ndiko hadithi inayosimuliwa mno: Olmsted, aliyechora Central Park, alionyesha kwamba thamani ya wadi tatu zinazoizunguka ilitoka dola milioni 26.4 mwaka 1856 ikafika milioni 236 mwaka 1873. Lakini tumieni akili hapo. New York nzima ilikuwa inafura miaka hiyo, meli zinashusha watu kila wiki. Bustani ilichangia, ila si kila dola iliota kwenye nyasi zake. Na aliyepiga hesabu ndiye aliyekuwa na bustani ya kutetea.

Sasa nije nyumbani. Kuna mteja wangu, sitamtaja, alinunua nyumba upande wa kusini wa mji. Mbele yake palikuwa na mivinje imesimama mistari minyoofu, upepo ukivuma inavuma nayo, chini kumetandikwa sindano zake za kahawia kama zulia. Aliongeza pesa nzuri tu kwa ajili ya hiyo mivinje. Mistari minyoofu ilitosha kumwambia kitu, lakini macho ya mnunuzi hayatazami mistari. Lile lilikuwa shamba. Mvinje ukifika miaka minne, mitano, sita hivi unakatwa boriti, na kote huku Malindi na Magarini watu wanaupanda kwa ajili hiyo. Alfajiri moja likaja lori. Hadi jioni nyembamba zilikuwa zimelazwa upande wake kama fito, nene upande wake kama boriti, magome yamejaa njiani, na sebule ya mteja wangu inatazama visiki na ukuta wa godauni la nyuma ambalo hakujua kama lipo.

Aliyekata hakumkosea mtu, alivuna zao lake.

Nisemalo ni hili: mandhari hayaandikwi kwenye hati miliki yako. Unapolipia kijani cha mbele unalipia uamuzi wa mtu mwingine wa kutokijenga, na bei ya uamuzi huo inategemea huyo mtu ni nani na nini kinamzuia. Karibuni.

#2 Dalali_Mkweli

Mkuu naona umeamua kutuharibia ugali 😂

Ngoja nitetee kazi yetu. Mteja haji kununua sheria, anakuja kununua mahali. Nikimpeleka mtaa wa Casuarina, akaona ile barabara ya kwenda Marine Park, hifadhi yetu ya bahari, kivuli juu, watu wanapita na baiskeli, akili yake imeshahamia. Sijamdanganya. Mzungu ndiyo kabisa, yeye bahari na miti kwanza, jikoni ataliangalia kesho. Na bei haipangwi na mimi, inapangwa na yule mwingine anayeitaka nyumba hiyo hiyo wiki hiyo hiyo.

Nyumba zinazotazama uwanja wa gofu nazo zimekaa miaka na mandhari yake, na wenyewe wakiuza wanauza vizuri. Kwa hiyo si kila kijani ni shamba la boriti.

#3 Mthamini_Pwani

Dalali, hatujagombana, na mifano yako miwili ni mizuri kwa sababu haifanani.

Marine Park ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Yetu na ya Watamu ndizo hifadhi za bahari za kwanza Kenya. Ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la taifa, na huwezi kuamka asubuhi ukakuta mtu ameanza kumimina zege juu ya matumbawe. Mwenye nyumba karibu na pale analipia kitu chenye mlinzi na sheria. Ila miti ya kando ya barabara ile, ambayo ndiyo hasa inamlainisha mteja wako, mingi imo ndani ya viwanja vya watu. Hifadhi ni ya maji, kivuli ni cha jirani. Hapo mnunuzi anachanganya vitu viwili.

Gofu nayo ni mali ya klabu. Klabu ina wanachama, wanachama wana mkutano, mkutano una kura. Miji mingi duniani viwanja vya gofu vimegeuzwa mitaa ya nyumba. Sisemi chetu kitageuzwa. Nasema mthamini mwenye akili anakipa kijani cha klabu uzito mdogo kuliko kijani cha hifadhi, japo machoni cha klabu kimenyolewa vizuri zaidi.

Kuhusu mzungu, mkumbushe kifungu cha 65 cha Katiba. Asiye raia anapata ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Ukiuziwa miaka iliyobaki michache kwa bei ya "mandhari ya milele" umeuziwa hewa.

#4 MamaMuyeye

Mimi nimecheka niliposoma "bustani tulivu". Nyumba yetu inatazamana na uwanja. Kwenye karatasi ni eneo wazi la kijani. Kwenye maisha yangu ni hivi: Jumamosi mpira umepiga mabati mara sijui ngapi, Jumapili mahubiri kwa spika zinazotetemesha vikombe, wakati wa kampeni helikopta inatua na vumbi lote linahamia kwenye nguo nilizoanika. Nyasi zenyewe ziko pembeni tu, katikati mchanga mtupu. Jioni vijana wanakaa ukutani kwangu wanatafuna miraa hadi saa sita.

Jirani wa nyuma yetu, nyumba ya pili kutoka uwanjani, ndiye anayefaidi. Upepo anapata, watoto wake wanakimbia kucheza dakika mbili wamefika, na usiku analala. Juzi kapata mpangaji kwa kodi inayopita yetu.

#5 Mthamini_Pwani

Mama, hilo limeandikwa na wataalamu karibu kama ulivyolisema. Huyo Crompton alikuta kwamba viwanja vya michezo vyenye watu wengi na kelele, nyumba ya mstari wa mbele huongeza kidogo au haiongezi kabisa, na faida inaonekana mitaa miwili au mitatu nyuma. Portland, Oregon nako waligundua kwamba maeneo yaliyoachwa yamee yenyewe yalipandisha bei kuliko bustani za mjini zenye viwanja na shughuli.

Kwa hiyo nikija kuthamini nyumba naenda mchana, halafu narudi jioni, na ikiwezekana naangalia Jumapili inakuwaje. Mnunuzi naye afanye hivyo. Madalali wetu wanapenda kuonyesha nyumba saa nne asubuhi Jumanne, kila uwanja ukiwa kimya. (Dalali_Mkweli, sijakutaja wewe.)

#6 Dalali_Mkweli

Saa nne ndipo jua linapiga vizuri kwenye picha mkuu 😂 endelea.

#7 Mwana_Mijomboni

Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi tumepakana na Arabuko-Sokoke. Msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko hizo bustani zenu za Ulaya. Hewa safi, kivuli, ndege ambao watu wanapanda ndege kuja kuwatazama. Mbona ploti zetu haziuziki kwa bei ya Casuarina? Mimi nikitaja bei mtu ananiuliza kwanza, "Nyani wanakuja?" Nami siwezi kudanganya, wanakuja. Mahindi wanayala yangali machanga. Na uzio wa umeme ukiwa na tatizo, ndovu naye anafika. Kijani kipo mlangoni, lakini kinakula.

#8 Mthamini_Pwani

Ndugu, swali lako lingewashinda nusu ya wanaoandika matangazo.

Kijani hupandisha bei pale mtu anapoweza kukitumia na hakimdhuru. Msitu wenu mtu haingii jioni na watoto kunyoosha miguu. Una geti, una utaratibu wake, na una wanyama. Kwa mjenzi wa nyumba ni kitu cha kutazama kwa mbali, kwa mkulima ni hasara ya msimu. Watafiti wawili, Austin Troy na Morgan Grove, walichunguza Baltimore mwaka 2008 wakaona jambo linalofanana na lenu ingawa kule mnyama ni binadamu: bustani ilipandisha bei ya nyumba za jirani pale uhalifu ulipokuwa mdogo, na pale uhalifu ulipozidi kiwango fulani ukaribu na bustani hiyo hiyo ukaanza kuishusha. Miti ni ile ile.

Karura ya Nairobi iliwahi kuwa hivyo. Watu waliokua Nairobi miaka ya 90 wanakumbuka msitu ule ulivyoogopwa: wizi, maiti, na juu yake mwaka 1998 ukaja mgao wa vipande kwa wajenzi binafsi, ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiupinga. Baadaye ukawekewa uzio, walinzi na njia za miguu, na leo kutaja kwamba nyumba iko karibu na Karura ni sifa. Waliobadilisha hali ni watu waliousimamia.

Kwenu thamani ya msitu inaingia kwa mlango mwingine. Vipepeo vya mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993, asali, wageni wanaokuja kutazama ndege. Ni pesa halisi, ila zinaingia mfukoni mwa anayefuga mabuu, haziingii kwenye bei ya ploti. Usiuze kwa bei ya hasira. Lakini usimdanganye mtu kuhusu nyani pia, maana atahamia na atawaona.

#9 MwanaAmu

Salaam kutoka Amu, yaani Lamu. Huku mambo mbali kidogo. Ndani ya mui wa kale hakuna bustani kabisa, ndia zenyewe punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma. Kivuli cha umma ni pale Mkunguni mbele ya ngome, na wazee ndipo wanapokaa. Majumba yetu kijani chake kiko ndani: kiwanda (ua wa ndani) katikati, mti mmoja wa asumini au mkomamanga, kisima, na juu kipaa cha kupigwa na upepo. Mgeni akinunua nyumba ya mawe hununua hicho kiwanda, na nyumba yenye kiwanda kikubwa bei yake huijui mpaka ukae chini. Hapo mandhari yamo ndani ya hati, mkuu. Hakuna jirani atakayeyakata.

Lakini Shela ndiko kwenye maneno. Kule nyuma ya mitaa kuna vilima vya mchanga, na kila mwenye nyumba ya mwisho anatangaza "hakuna kitakachojengwa nyuma". Wanaonunua hawajui vilima vile ni nini. Mvua inaingia mchangani, na mai tunayokunywa mui mzima yanatoka kwenye visima vya huko. Kwa hiyo kujenga juu yake ni kujenga juu ya mtungi. Na bado watu wamevitamani, kesi haziishi. Nyumba inayouzwa kwa sababu nyuma yake ni wazi inamwita mwenzake aje ajenge hapo nyuma ili naye awe na wazi.

#10 Mthamini_Pwani

MwanaAmu, umenifundisha. Hiyo ya mwisho watu waisome tena. Kila nyumba ya pembeni inauzwa kwa sababu ni ya mwisho, na kila mnunuzi anazaa nyingine ya mwisho. Mambrui na Mayungu tunaliona hilo hilo na minazi.

Na la kiwanda ni kweli kabisa. Mwarobaini wako, mwembe wako, ule ulio ndani ya bikoni zako (vigingi vya mpaka), ni mali. Mti mpevu upande wa magharibi unazuia jua la saa kumi kuchoma ukuta, na wapangaji wa Malindi mwezi wa pili na wa tatu wanajua tofauti hiyo. Watu wanafyeka ploti nzima kabla ya kujenga, wanamwaga kokoto, halafu wanamlipa dalali kwa ajili ya miti ya jirani. Sielewi.

#11 Mpangaji_Maweni

Nyote humu mnaongea kama wenye nyumba. Mimi napangisha. Kaunti ikija kesho ikapanda miti, ikaweka mabenchi na taa mtaani kwetu, mwenye nyumba atakachofanya ni kuniandikia ujumbe wa kuongeza kodi. Bibi yangu ndiyo kabisa, nyumba ni yake aliyoijenga kwa mikono yake na marehemu babu, lakini kiwanja ni cha watu, analipa kodi ya kiwanja. Sasa bustani ikija, bei ya nyumba yake inapanda au haipandi?

Na hiyo Central Park uliyoisifu, waliokuwa wanakaa pale kabla ya bustani walikwenda wapi?

#12 Mthamini_Pwani

Hapa ndipo nilitaka uzi ufike. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Waliokuwa Central Park: palikuwa na kijiji kinaitwa Seneca Village, kilianza 1825, wakazi wake wengi Wamarekani weusi, na wengi walikuwa na ardhi yao wenyewe, jambo adimu kwa mtu mweusi wakati ule. Walikuwa na makanisa na shule. Kufikia 1857 wote walikuwa wametolewa na nyumba zimebomolewa. Wenye hati walilipwa fidia, wengi wakilalamika ni ndogo. Zile dola milioni 236 hazikuwa zao.

Sasa bibi. Bustani ikija karibu na nyumba, kuta hazijabadilika hata jiwe moja. Mabati ni yale yale, na kila mwaka yanazidi kula kutu. Kilichopanda ni mahali. Nyumba huchakaa, mahali hapachakai, na nyongeza yote inayoletwa na bustani, au lami, au soko jipya, inakwenda kwa mwenye mahali. Kwa mtu mwenye nyumba na ardhi hili halionekani, kwa sababu mifuko yote miwili ni yake. Pwani yetu inaonekana wazi, maana tuna nyumba bila ardhi: ukuta wa mmoja, kiwanja cha mwingine, wakati mwingine mwenye kiwanja haonekani miaka hadi mitaa ipendeze. Nyumba ya bibi ikiuzwa leo, mnunuzi ananunua mawe na mabati pamoja na matumaini kwamba mwenye kiwanja ataendelea kuwa mpole. Bustani ikija, kodi ya kiwanja inapanda, na mnunuzi analijua hilo. Bei ya nyumba yake inaweza hata kushuka, wakati ploti iliyo chini yake imepanda. Mtu asiyejua Pwani ukimwambia hivyo anadhani unamtania.

Tufanye hesabu ya mfano, si takwimu za popote. Tuseme nyumba na kiwanja pamoja ni milioni 6, kiwanja milioni 4 na jengo milioni 2. Bustani imeongeza asilimia 5 kwenye jumla, yaani laki 3. Mwenye vyote viwili ana milioni 6.3. Kwa bibi, laki 3 zote zimeingia kwenye kiwanja, kimefika milioni 4.3, na jengo lake liko pale pale kwenye 2 kama kodi haikuguswa. Ikiguswa, iko chini ya 2.

Kwa upande wako wewe mpangaji, ni kama ulivyosema. Mwenye nyumba atakutoza kivuli. Ndiyo maana naona miti ikipandwa itawanywe mitaa yote badala ya kurundikwa bustani moja ya kifahari. Kama Maweni, Barani, Muyeye na Kisumu Ndogo wote wana kivuli, hakuna mtaa unaoweza kutoza bei ya upekee. Kinachopandisha bei ni uhaba. New York walifungua High Line mwaka 2009, bustani juu ya reli ya zamani, kitu kimoja tu cha aina yake, na bei za nyumba za kando yake zikapanda mno.

Na pesa za kupanda zinatoka wapi? Ziko. Rates zetu Kenya, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, kwa kawaida zinatozwa kwa thamani ya ardhi bila jengo. Bustani ikipandisha ardhi, kaunti ingerudisha sehemu ya gharama kwa njia hiyo, kwa sharti daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za viwanja, liwe jipya. Kwenye daftari la zamani mwenye kiwanja anaokota nyongeza yote barabarani bure.

#13 Mpangaji_Maweni

Nitamsomea bibi. Atasema alijua.

#14 Niko_Doha

Asanteni kwa uzi. Mimi niko kazini Doha, nimeletewa ploti ya 50 kwa 100 upande wa Msabaha, kwenye mgawanyo mpya (shamba lililokatwa ploti). Bei iko juu kuliko zingine za mgawanyo huo huo kwa sababu inatazamana na kiwanja cha wazi, wanasema kitakuwa bustani na mahali pa watoto. Kwenye mchoro walionitumia WhatsApp kimepakwa rangi ya kijani, kuna na bembea wamechora. Nilipe?

#15 Dalali_Mkweli

Bembea imeshachorwa, utarudi nyuma vipi 😂😂

#16 Mthamini_Pwani

Usilipe bado. Rangi ya kijani kwenye WhatsApp haina nguvu yoyote.

Fanya hivi. Omba namba ya kiwanja ya hicho kiwanja cha wazi. Yako utapewa haraka, iombe ya kile. Kila kipande kwenye mgawanyo uliosajiliwa kina namba yake kwenye ramani ya msajili. Ukishaipata, mtume mtu unayemwamini au wakili afanye sachi ya namba hiyo, yaani aangalie kwa msajili wa ardhi imeandikwa kwa jina la nani. Kama mgawanyo ulipitishwa sawasawa, kipande cha matumizi ya umma kinapaswa kukabidhiwa kwa umma na kutoka mikononi mwa mwenye shamba. Kama sachi inarudi na jina la yule yule anayekuuzia, au kampuni yake, au shemeji yake, hiyo si bustani. Ni ploti anayoisubirisha hadi mkishajenga nyote na eneo limepata bei.

Halafu mwombe kibali cha kaunti cha kugawanya shamba, na masharti yaliyoambatana nacho. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inataka kibali hicho kiwepo. Soma kama kiwanja cha wazi kimeandikwa mle kwa maneno.

Hata kikiwa cha umma, hujamaliza. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilijaa viwanja vya umma vilivyogawiwa watu kinyume cha sheria: vya shule, vya barabara, vya michezo, misitu. Uhuru Park yenyewe, katikati ya Nairobi, mwaka 1989 serikali ilitaka kuisimamishia jumba la ghorofa 60. Kwa hiyo angalia kama kuna watu: kamati ya wakazi, shule au msikiti unaokitumia kila siku. Kiwanja kinachotumika kinanyakulika kwa taabu. Kilichomea vichaka na kimezungushiwa seng'enge ya mtu asiyejulikana kinakwenda usiku mmoja.

Kama majibu yote ni mazuri, ongeza kidogo. Mimi kwa mgawanyo mpya, bustani bado haijapandwa mti hata mmoja, nisingeongeza kupita asilimia 2 au 3, na hayo ni maoni yangu ya kazini, si takwimu. Kama majibu si mazuri, taja bei ya ploti ya nyuma, na uhesabu kwamba mbele yako patakuwa na ghorofa.

#17 MamaMuyeye

Na aulize watoto wa mgawanyo mzima wakija kucheza hapo ukuta wake ni wa urefu gani 😅

#18 Niko_Doha

Mrejesho. Nimemwomba namba ya kiwanja cha wazi. Kwanza akaniambia haina haja, mimi ninunue changu. Nikasisitiza. Akasema namba bado haijatoka. Nikamuuliza mbona za ploti zingine zote zimetoka, akanyamaza. Leo asubuhi kanipigia mwenyewe, kashusha hadi bei ya zile za nyuma, eti kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani.

Namba bado hajatoa. Nimemwambia hata kwa bei hiyo nataka sachi kwanza. Mthamini, kama kuna wakili wa Malindi asiye na udugu na madalali nitumie jina lake inboksi.

#19 Dalali_Mkweli

Asiye na udugu na madalali? Malindi hii? Labda Mombasa.

#20 Mthamini_Pwani

Nimekutumia majina mawili. Ukishapata sachi, iweke hapa ukificha namba, wengine waone inavyosomwa.